Bafu Lenye Mimba

Mkunga aliamini kila alichoambiwa. Kamati ya Joto ilikuwa imemchagua kwa sababu hiyo hasa. Mashine iliyomtangulia ilikuwa na tabia ya kubishana na wazee, na mzee wa Lyamwasi akibishiwa na bomba hurudi nyumbani akalala bila kula. Mkunga hakubisha. Aliuliza, akasikiliza, akapeleka maji ya moto kutoka chemchemi za mlimani hadi alikoambiwa kuna haja, na akimaliza alisema hongera.

Kila pembe ya mlima alikuwa na sikio: tarumbeta ya bati juu ya nguzo, kimo cha mdomo wa mtu mzima. Sikio la mwisho lilisimama pale mkondo wa mwisho unapogawanyika, tawi moja likienda kwenye majaruba ya mpunga ya Bibi Tumpe Luvanda na lingine kwenye Shule ya Bweni Lyamwasi, ambako lilipasha joto mabweni tu, si bafu. Alasiri hiyo ya Julai baridi ilikuwa ya aina inayomfanya mtu ajute kuzaliwa na pua, na foleni ilikuwa ya watu watatu.

Wa kwanza alikuwa Bibi Tumpe mwenyewe. Wa pili alikuwa Ambwene Tweve wa Kidato cha Tatu, taulo shingoni. Wa tatu alikuwa Gwamaka Chaula, rafiki yake, ambaye kazi yake katika kila uovu ilikuwa kuuliza kwanza kama ni uovu, kisha kushiriki.

"Jina la shamba?" Mkunga aliuliza, kwa sauti ya muuguzi wa zamu.

"La Tumpe. Si unanijua?"

"Hali ya mpunga?"

"Haujambo."

"Una mimba?"

Bibi Tumpe aligeuka kuona nani anasikia. Wanafunzi wawili walitazama mawingu kwa bidii.

"Mashine hii haikulelewa," alinong'ona. Kisha akapaza sauti: "Ni mzito mzito tu. Hauko peke yake."

"Mzito mzito si hali inayotambulika. Hauko peke yake si hali inayotambulika. Una mimba?"

"Nimesema haujambo!"

"Nimepokea. Shamba la Tumpe: haujambo, halihitaji joto. Siku njema."

Mkulima yeyote wa mpunga, suke likiwa bado changa ndani ya bua, husema mpunga umebeba mimba, na husema bila kuona haya. Lakini Bibi Tumpe alilelewa katika nyumba ambayo mimba haikutajwa hadi ibebwe mgongoni. Ukiitaja mapema, mama yake alikuwa akisema, umemwonyesha mwizi mlango. Kwa hiyo kila msimu alimwambia Mkunga kwamba mpunga haujambo, na kila msimu aliishi kwa kiporo, yaani joto lililobaki baada ya mashamba yaliyotangaza mimba kupewa haki yao. Kiporo kilimtosha miaka yote isipokuwa mwaka uliopita. Mwaka uliopita baridi haikubakiza kitu, na Bibi Tumpe akavuna mapepe: maganda mazuri, ya rangi ya dhahabu, yasiyo na kitu ndani.

Sheria ya Kamati ilikuwa fupi. Misimu miwili ya mapepe, mkondo unakatwa. Na huku juu bila mkondo hakuna mpunga. Kuna kurudi bondeni, ambako mpunga wenyewe ulikimbia joto miaka mingi iliyopita, na ambako watu siku hizi hushinda mchana kutwa ndani ya mashimo kama panya buku.

"Shikamoo, Bibi," wanafunzi walisema kwa pamoja alipowapita.

"Marahaba. Mnangoja nini hapa, wajukuu zangu?"

"Tumetumwa na shule, Bibi."

"Shule imewatuma na taulo."

"Ndiyo, Bibi."

Aliwatazama kama anayekagua maharage, akaenda zake. Ambwene akasogea kwenye sikio na kukohoa kama mchungaji kabla ya matangazo.

"Jina la shamba?"

"Bafu la Wavulana."

"Shamba jipya. Aina ya mbegu?"

Ambwene alikuwa amejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Akamtazama Gwamaka.

"Huu si uovu?" Gwamaka aliuliza.

"Ni usafi."

"Basi mbegu ni Sabuni," Gwamaka alisema ndani ya tarumbeta.

"Sabuni si aina inayotambulika. Niiongeze?"

"Iongeze."

"Imeongezwa. Hali ya Sabuni?"

Ambwene alivua kofia yake ya sufu, kwa heshima ya tukio. "Ina mimba," alisema. "Changa."

"Hongera," alisema Mkunga. "Maji ya moto yanakuja kwa kina cha kulinda suke. Tafadhali msiyachezee."

*

Historia ya shule haitalisahau juma lile. Kabla ya hapo wavulana wa Lyamwasi walikuwa wakioga kwa imani: unalowesha uso, unalowesha miguu, katikati unamwachia Mungu. Sasa mvuke ulitoka madirishani. Watu waliingia bafuni wakiwa na miaka kumi na sita na wakatoka wamelainika kama watoto wachanga. Kaka mkuu, aliyekuwa hajawahi kuimba, aliimba besi. Matroni alisikia kutoka upande wa pili wa uwanja akadhani uamsho umeshuka bwenini, akaja mbio na Biblia.

Hakuna aliyeuliza maji yametoka wapi. Hilo ni jambo la kukumbuka, maana litarudi.

Usiku wa juma lile, nje ya madirisha yale yenye mvuke, nyasi za uwanja ziligeuka nyeupe kwa jalidi. Maji katika majaruba ya Bibi Tumpe yalikuwa ya baridi na ya kina kifupi. Mpunga wake haukuonyesha lolote. Ulibaki kijani kibichi, umenyooka, mzuri wa kupigwa picha.

*

Masuke yalipoanza kuchungulia, Mwalimu Sekela Mahenge aliwatuma Kidato cha Tatu wakalete sampuli kutoka shamba la shule. Mwalimu Sekela alifundisha kilimo, alikuwa makamu mkuu wa shule, na alikuwa na sauti ya chini ambayo watu waliiogopa kuliko kengele. Ambwene alimwita Mwalimu. Yeye alimwita Ambwene Mapepe. Neno hilo lina kazi mbili katika Kiswahili: ni maganda ya mpunga yasiyo na kitu ndani, na ni mtu wa aina hiyo hiyo.

Shamba la shule lilikuwa mbali na upepo ulikuwa mkali. Mapepe alikata suke kwenye jaruba la karibu zaidi, la Bibi Tumpe, akawa wa kwanza kurudi na akasifiwa kwa uchapakazi.

"Pasueni ua moja," Mwalimu Sekela alisema. "Mtaona vijifuko vya manjano. Ndani yake kuna chavua, unga unaobeba nusu ya baba. Sagia kwenye kioo, tone moja la ayodini, weka chini ya hadubini. Chavua iliyoshiba ina wanga, na wanga ukikutana na ayodini huwa mweusi. Gwamaka, unaona nini?"

"Nyeusi, Mwalimu. Nyeusi tii, za mviringo, kama kete za bao."

"Vizuri. Hizo zimeshiba. Mapepe?"

Ambwene aliinamia hadubini. Aliona vitu vidogo, hafifu, vya rangi ya chai iliyorudiwa majani. Vingine vilikuwa vimenywea ubavuni. Akageuza kioo. Vilikuwa vile vile.

"Labda ayodini yangu imeisha nguvu, Mwalimu."

Mwalimu Sekela alikuja, akaangalia.

"Ayodini ni nzima," alisema. "Sogeeni wote, mwone njaa ilivyo. Chavua haijilishi yenyewe. Kila kijifuko kina ngozi ya ndani inayoilisha. Mwiteni mama ntilie, mtakumbuka kwenye mtihani. Chavua ikiwa bado changa sana, suke likiwa chini kabisa ndani ya bua, mama ntilie anagawa sukari, na kila chavua inajiwekea akiba ya wanga. Sasa leta baridi siku chache tu katika wakati ule. Mama ntilie anachanganyikiwa. Anavimba, anakalia sukari yote yeye mwenyewe, hagawi. Baridi ikishaondoka anakufa na chavua inazaliwa na njaa. Haina nguvu ya kuchipua. Ua linafunguka, linafunga, hakuna kitu."

"Lakini mmea si unaonekana mzima, Mwalimu?" kaka mkuu aliuliza.

"Ndiyo ubaya wake. Jani halisemi kitu. Mkulima anajua siku ya kupepeta, upepo unapoondoka na mavuno yake yote. Suke lililojaa huinama. Pepe husimama wima hadi mwisho, linajiona." Hapo alimtazama Ambwene, kwa mazoea tu. "Na sehemu ya kike ya ua hili haijambo. Baridi ya namna hii humvunja baba, mama ikamwacha. Angepata chavua nzima kutoka kwingine katika siku hizi chache za kuchanua, angeshika. Umelitoa wapi suke hili?"

"Nimeliokota njiani, Mwalimu."

Ulikuwa uongo wa kawaida, wa kutunza viungo, na kwa kawaida Ambwene angeusahau kabla ya chakula cha mchana. Huu ulikaa.

*

"Hukumlazimisha bibi kusema haujambo," Gwamaka alisema. Walikuwa nyuma ya jiko wakisugua sufuria la uji kwa mchanga, adhabu ya jambo jingine kabisa lisilohusika na hadithi hii.

"Haujambo ilikuwa inampa kiporo."

"Mwaka jana hakikuwepo. Pengine mwaka huu pia kisingekuwepo."

"Kilikuwepo. Tulikioga."

Gwamaka alisugua. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu anayependa hesabu zitoke sawa. "Sikiliza. Ukisema, unajua sheria. Anayeiba joto hunyimwa joto. Hawatakunyima wewe. Watainyima shule. Mabweni yote, hadi baridi iishe. Wale wadogo wa Kidato cha Kwanza wana vifua, usiku wanakohoa kama jenereta. Wewe unataka dhamiri yako ilale vizuri halafu wao wasilale kabisa?"

"Na nisiposema?"

"Kamati itasema bibi hakutangaza. Na ni kweli, hakutangaza! Hakuna atakayekuwa amedanganya isipokuwa wewe na bafu."

Ilikuwa hoja nzuri. Ambwene aliitafutia tundu, akakosa, na kukosa huko kukamuudhi. Katika maisha yake yote alikuwa hajakutana na hoja nzuri iliyokuwa upande wake.

Alasiri alikwenda kwa Bibi Tumpe, akijidanganya kwamba anaomba maji ya kunywa. Alimkuta kwenye tuta la jaruba, kombeo la kufukuzia ndege begani, akiutazama mpunga wake kama mtu anayemtazama bibi harusi akipita.

"Umeona ulivyosimama, mjukuu? Mwaka jana ulikuwa umejikunja kunja. Mwaka huu hata wapita njia wanausalimia."

"Umesimama kweli, Bibi."

"Mwanangu ananiambia nishuke bondeni nikakae naye. Nikamwambia, baba, mimi nishuke kufanya nini? Kukaa shimoni na kutoka usiku kama popo? Mpunga huu utanijibia." Alinyoosha mkono akagusa suke moja kwa ncha ya kidole, kama anayepima homa. "Huu umenielewa. Sijausema popote, nao umetulia."

Ambwene alitafuta mzaha wa kusema. Alikuwa nao siku zote, kama wengine wanavyokuwa na leso. Alikunywa maji ambayo hakuwa na kiu nayo, akashukuru, akaondoka.

*

Njia yake ilipita kwenye sikio. Pengine jambo hilo lingemalizika baina yake na mashine, alifikiri, bila kuwasumbua binadamu.

"Jina la shamba?"

"Bafu la Wavulana. Nataka lifutwe."

"Bafu la Wavulana lina mimba. Shamba lenye mimba halifutwi. Je, imeharibika?"

"Haikuwepo."

"Haikuwepo si hali inayotambulika."

"Nilidanganya."

"Nilidanganya si hali inayotambulika. Niiongeze?"

Ambwene aliondoa mdomo kwenye tarumbeta. Mashine hii ilikuwa tayari kuongeza neno lolote, na neno lile likishaongezwa lingekaa humo pamoja na sabuni, bila kumuumiza mtu wala kumsaidia mtu. Mkunga hakuwa na mahali pa kuweka aibu. Jambo hilo watengenezaji wake walilihesabu kuwa sifa.

"Usiongeze," Ambwene alisema. "Nitaipeleka kwa wenyewe."

Mwalimu Sekela alikuwa anasahihisha madaftari. Alisikiliza yote, kuanzia taulo hadi hadubini, bila kuinua kalamu. Mwisho aliuliza swali moja tu.

"Yameanza kuchanua?"

"Machache, Mwalimu. Ya juu."

"Basi nyanyua miguu. Tunakwenda kwa Mwenyekiti sasa hivi, si kesho. Maua hayangoji vikao."

*

Mzee Ngailo, mwenyekiti wa Kamati ya Joto, aliwapokea akiwa amevaa makoti mawili. Bibi Tumpe aliitwa. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, na Ambwene alirudia habari yake mbele ya bibi, safari hii bila sauti ya mchungaji.

Alipomaliza, Bibi Tumpe alicheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Kumbe bafu lilikuwa na mimba," alisema. "Na mimi mwenye mpunga nilikuwa naona haya kusema."

Ambwene angependa zaidi apigwe.

"Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo," Mzee Ngailo alisema. "Ninyi hamkumtukana. Mlimtania, na yeye hajui utani, ni kama kumtania mtoto mdogo. Sheria unaijua?"

"Naijua, Mzee. Lakini mniadhibu mimi. Wenzangu hawakujua."

"Hawakujua maji ni ya moto?"

Ambwene aliikunja kofia yake mikononi.

"Nauliza tu. Wewe peke yako ndiye uliyeoga?"

"Hapana, Mzee."

"Kuna aliyeuliza yametoka wapi?"

"Hapana, Mzee."

"Basi joto la mabweni na la bafu limekatwa hadi baridi iishe. Wadogo wenye vifua watalala kwenye ukumbi wetu wa Kamati, kuna jiko. Wengine mtavaa soksi." Akamgeukia Bibi Tumpe, na sauti yake ikashuka. "Bibi, kwa upande wako, mimi siwezi kubadili kitakachopimwa siku ya mavuno. Mkunga atapima punje na mapepe. Mapepe yakizidi, ni msimu wa pili. Sheria haiulizi nani alisababisha. Sisi tuliiandika hivyo ili mtu asije na visingizio. Hatukuwaza bafu."

"Mpunga wa shule uko katika maua," Mwalimu Sekela alisema. "Chavua yake nimeiangalia leo, imeshiba. Tatizo chavua ya mpunga inaishi dakika chache ikishatoka, haibebeki kwenye karatasi wala kwenye chupa. Haina budi kubebwa ikiwa nyumbani kwake. Naomba ruhusa ya kung'oa jaruba moja la shule, na mizizi yake na tope lake, tuupeleke wote kwa Bibi."

"Mtang'oa chakula chenu?"

"Jaruba moja. Tutakula ugali zaidi."

"Mtaubebea kwenye nini, mpunga mzima na tope?"

Mwalimu Sekela alimtazama Ambwene. Ambwene alikwisha kuelewa, na kwa mara ya kwanza siku ile alikaribia kutabasamu.

"Shule ya bweni, Mzee," alisema. "Kila mtu ana ndoo ya kuogea."

*

Asubuhi paredi ilitangaziwa mambo mawili, baridi na ndoo. Kaka mkuu aliyaunganisha mwenyewe na kumtafuta Ambwene kwa macho. Hadi wanafika kwenye majaruba ya shule, Ambwene alikuwa amepoteza jina la Mapepe na kupewa Baba Bafu, na mtu alikuwa tayari ameshatunga wimbo. Ulikuwa na ubeti kuhusu mama sabuni ambao hauwezi kuandikwa hapa.

Waling'oa, wakaweka kwenye ndoo, wakabeba kichwani kwa mstari mrefu, masuke yakiwatikisikia juu ya vichwa kama mashada ya wacheza ngoma. Bibi Tumpe aliwatazama wakifika. Hakusaidia wala hakuzuia. Wakazipanga ndoo juu ya matuta na katikati ya majaruba, kila mstari wa mpunga mgonjwa ukapata jirani mzima. Kisha wakangoja.

Mpunga kwa desturi hauhitaji jirani. Hujioa wenyewe ndani ya nyumba moja, mlango ukiwa wazi kidogo tu, na kabla jua halijafika utosini kazi imekwisha. Ila ua lisilopata chavua huchelewa kufunga. Hukaa wazi, kama mtu aliyedhani amesikia hodi. Tumaini lote la Mwalimu Sekela lilikuwa katika uchelewaji huo.

Jua lilipanda, umande ukakauka, na kwenye masuke ya ndoo vijifuko vikaanza kuning'inia nje.

"Kamba!" Mwalimu Sekela aliita.

Ambwene alishika ncha moja, Gwamaka nyingine. Wakatembea sambamba juu ya matuta mawili, kamba ikipita juu ya masuke na kuyainamisha. Yalipojiinua yalitoa moshi hafifu, wa manjano, ambao uliruka hatua chache na kupotea. Wakarudi. Wakaenda tena. Nyuma yao wengine walikuwa na kamba zao, na hakuna aliyeimba tena, kwa sababu kazi ilitaka mikono iende sawa na mtu anayecheka huvuta kombo.

"Itashika?" Gwamaka aliuliza walipopumzika. Alikuwa amevaa soksi mikononi.

"Si yote."

"Nusu?"

"Sijui."

"Kwa hiyo tumekosa joto, tumekosa wali, na hatujui."

"Ndiyo."

Gwamaka alifikiri. "Huu si uovu?" aliuliza.

"Vuta kamba, Gwamaka."

Walivuta kila asubuhi hadi ua la mwisho lilipofunga. Mchana walikula ugali. Usiku walilala wawili wawili, na wimbo wa Baba Bafu ukaongezwa beti.

*

Siku maua yalipokwisha kudondosha vijifuko, Ambwene alikwenda kuchukua ndoo iliyosahauliwa, ambayo haikuwa imesahauliwa. Bibi Tumpe alikuwa katikati ya jaruba, tope hadi magotini. Alimwita kwa kidole.

Alichuma punje moja ya kijani, akaibinya baina ya kucha mbili. Likatoka tone jeupe, zito, kama maziwa. Akachuma nyingine. Haikutoa kitu. Ya tatu ikatoa. Ambwene hakuuliza uwiano. Wote wawili walikuwa wameona kwamba hapa na pale, si kila mahali, masuke yalikuwa yameanza kuinama.

"Usiku bado una baridi," Bibi Tumpe alisema, akitazama mbali. "Maziwa yakipata baridi hayagandi vizuri kuwa punje. Nasikia joto la mabweni yenu limerudishwa kwa Mkunga, anangoja wa kumpa."

"Ndiyo, Bibi. Anampa atakayetangaza."

"Nasikia."

Upepo ulipita. Mwanamke yule alikuwa na kila sababu ya kusema neno moja, na Ambwene aliona wazi kwamba hatalisema, afadhali ashuke bondeni.

"Wewe una mdomo," Bibi Tumpe alisema hatimaye. "Ulilitangazia bafu. Nenda kaiambie ile mashine yako. Lakini usiniaibishe."

Walikwenda pamoja hadi kwenye sikio. Bibi Tumpe alisimama kando, mgongo umeelekezwa kwenye tarumbeta, kama mtu aliyepita tu njia.

"Jina la shamba?"

"La Bibi Tumpe Luvanda. Naongea kwa niaba yake, naye yupo."

"Hali ya mpunga?"

"Hauko peke yake."

"Hauko peke yake si hali inayotambulika. Niiongeze?"

"Iongeze."

"Maana yake?"

Ambwene alimtazama Bibi Tumpe. Mgongo wake ulikuwa umekakamaa kama ubao. Neno lilikuwa tayari ulimini. Alilitumia kwa ajili ya bafu, bila kuona haya, kofia mkononi. Akalimeza.

"Ile hali ambayo ukiisikia," alisema polepole, "unaleta maji ya moto kwa kina cha kulinda, kila usiku, na husemi sababu kwa mtu."

Ndani ya mlima kitu kilizunguka, kikapima.

"Nimeelewa," Mkunga alisema. "Imeongezwa. Shamba la Tumpe: hauko peke yake. Maji yanakuja."

Akangoja kidogo, kama aliyesahau kitu.

"Nisiseme hongera?"

"Usiseme," alisema Bibi Tumpe, bila kugeuka. "Bado mapema."

Chini ya matuta maji yalianza kuingia, na mvuke mwembamba ukainuka baina ya mabua, yaliyosimama na yaliyoinama. Kutoka upande wa shule, ndani ya bafu ambalo sasa halikuwa na kitu, ilisikika sauti ya Gwamaka akijimwagia ndoo yake ya kwanza ya maji baridi.